Jiwe Lililoponea kwenye Ulezi

Jumanne, Mpui

Halikuingia motoni. Tangu jioni nashusha pumzi.

Asubuhi nilisahau jiwe langu jeusi jikoni kwa mama anayenipangisha, mzembe mimi. Ni lava ya kale iliyojaza ufa wakati bara kuu moja la zamani lilipopasuka vipande, na usumaku uliomo ndio ushahidi wote wa utafiti wangu. Moto ungeufuta. Jioni narudi, halipo, na mafiga yamebeba chungu cha maharage.

“Shikamoo mama. Lile jiwe...”

“Marahaba. Lile jeusi? Nimekandamizia turubai la ulezi. Jiwe kama lile hupasuka motoni, mwanangu. Nani analifanya figa?”

Nimesoma mawe miaka minne, na hilo sikulijua.

Nimeliacha palepale mpaka ulezi ukauke. Kwake liko salama kuliko kwangu.