Vina Viwili vya Tangi Moja

Newala, Jumanne

Leo pampu ya tangi la mtaa, niliyoiandikia programu kwa lugha ya C, haikuzima. Maji ya siku mbili yalimwagika mchangani mbele ya kina mama wenye ndoo.

"Mwanangu, hayo ndiyo maji yetu," alisema jirani yangu Mama Zuhura, taratibu. Nikasahau hata kumpa shikamoo.

Kosa nimeliona. Kigeu kinachoshika kina cha maji nilikiandika static, yaani cha faili moja tu, kwenye faili la kichwa linaloingizwa katika mafaili mengine, kwa hiyo kila faili likapata nakala yake. Faili la kipimo cha maji liliandika kwenye nakala yake. Faili la pampu lilisoma nakala yake, sifuri daima, kana kwamba tangi ni tupu.

Sasa faili la kichwa linakitangaza kwa extern, yaani kimefafanuliwa kwingine, na faili la kipimo pekee ndilo linalokifafanua. Nimejaribu kwa pipa, pampu ikazima.

Lakini vigeu vya namna hiyo ni tisa, kesho asubuhi tunawasha pampu tena, na nimekagua vinne tu.