Kamera ya Kuvuka Ukuta

Fundi, leo nimeaibika dukani. Nimeaibika!

Nilikwenda kutafuta kamera isiyo na waya ya ile ndege yangu ya rimoti. Sababu unaijua. Wakubwa wamezungushia makaburi ukuta, eti ukarabati, mwaka wa pili huu, na mke wangu yumo ndani. Wao wakifiwa, funguo wanazo.

Muuzaji kanipa mbili nijaribu. Nikasogea pembeni, nikazipima uzito mkononi, nikasema polepole: "Mama watoto, nichukue ipi? Hii nyepesi, picha itakatika kabla ya ukuta. Hii itakufikia, ila nzito."

Kumbe imewashwa! Na sauti inanasa! Duka zima wananitazama kwenye skrini, namsemesha marehemu!

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka, ikaniuma zaidi.

Dada mmoja kaniuliza, "Baba, na yeye kasemaje?"

Kasemaje! Nimechoka, Fundi.

Nimechukua inayofika. Kuijaribu nyumbani, ndege imegoma kuinuka nayo, basi nimeng'oa magurudumu ipungue uzito. Kesho nitairusha kwa mkono, ivuke ukuta, nimwone. Kutua itatua kwa tumbo, potelea mbali.