Mkono wa Kushoto Kwanza

Bwera, Jumapili, Agosti 2015. Mvua inanyesha tangu asubuhi na milima haionekani. Mimi sina huzuni hata chembe. Niko kama mtu aliyegombana akashinda.

Niseme ukweli wote, maana hapa simdanganyi mtu.

Miaka thelathini namenya na kutwanga muhogo, nauza unga soko la Mpondwe. Mikono yangu ilizeeka kabla yangu. Ngozi ilisinyaa, madoa meusi yakajaa nyuma ya viganja.

Halafu nikafanya kosa letu sisi wanawake wa mpakani. Nikanunua mkorogo uliovushwa kutoka ng'ambo, nikapaka miezi. Mikono ikawa myeupe, vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi tii. Walinicheka sokoni mpaka nikawa napima unga nimevaa glavu.

Nikauacha mkorogo. Mwaka huu nikaenda Kampala kwa daktari wa ngozi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwanza alijaribu mashine ya leza mahali padogo kama punje ya haragwe, akanirudisha nyumbani nisubiri, kwa sababu ngozi yetu ikiharakishwa inaweza kuungua na kuwa nyeusi zaidi. Niliporudi alifanya mkono mmoja tu. Nikachagua wa kushoto, wa kulia uendelee kutwanga. Uliuma kama mafuta ya moto yanaporuka kwenye karai. Siku chache baadaye madoa yakabanduka. Mikunjo haijaisha yote, lakini ngozi imelainika.

Basi wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akapata la kusema.

"Weye iko mujane," aliniambia. "Unapendezesha nani?"

Najipendezesha mimi.

Jana wakwe walikuja kumposa binti yangu, Masika. Nyumbani kwetu mama wa binti ndiye anayewanawisha wageni na kuwamegea tonge la kwanza la bundu, ule ugali wetu wa muhogo. Wiki nzima wifi alizunguka kwa ndugu akisema mikono ya mashine itatia posa nuksi, heri anawishe yeye. Ndugu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Hata Masika akaniomba, kwa sauti ndogo, nimwachie shangazi yake ili mambo yaishe kwa amani. Hilo liliniuma kuliko leza.

Nilikataa. Huyu mtoto nimemsomesha kwa unga wa mikono hii, leo niifiche?

Nikashika birika na beseni, nikapiga magoti mbele ya baba wa kijana, mzee wa Kenya aliyekuja Kasese zamani kufanya kazi ya saruji. Mkono mmoja mzee, mmoja kijana, yote nje. Wifi akashindwa kujizuia. Akawaambia wageni wasishtuke, huyu mama amekwenda kuchomwa na leza ili arudie usichana. Masika akainamisha kichwa. Nami nikainua birika, maji yakamwagika kidogo kwenye mkeka.

Yule mzee akanyoosha mikono yake nimnawishe. Ilikuwa ya kijivu, imepasuka kila mahali. Akaiangalia, akaangalia yangu, kisha akauliza bila kucheka:

"Mama, hiyo mashine inaweza kutoa simiti?"

Nikamwambia sijui, ila daktari nitamuuliza. Mkewe akasema basi nimuulizie na yeye, ana madoa yake. Watu wakacheka, na safari hii sikuchekwa mimi. Nikamega tonge kwa mkono wa kulia, nikampa mzee, akala lote.

Posa imepita.

Mwezi ujao ni zamu ya mkono wa kulia. Asubuhi hii Masika amekuja jikoni, akachukua mchi mwenyewe, akasema atatwanga yeye mpaka nipone. Wifi atasema tena, namjua. Nitamsikiliza mpaka mwisho, huku najipaka taratibu mafuta yangu ya kukinga jua.