Mkono wa Haroub Usioungua

Kengeja,
Mkoani, Pemba.
10 Novemba, 2024.

Mpendwa Shangazi Mwanapili,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga u mzima, na magoti yako yametulia. Sisi huku ni wazima kwa sehemu kubwa, alhamdulillahi. Hiyo sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana simu katika nyumba hii ina masikio mengi.

Kwanza nikwambie kwamba nimeolewa na mtu ninayempenda mpaka naona haya. Leo ni wiki ya kumi na moja. Haroub akirudi kazini, kule wanakopika mafuta kwa makonyo, vile vijiti vya karafuu, mimi humjua kwa harufu kabla hajabisha hodi, na moyo wangu hutangulia mlangoni.

Tangu siku ya pili ya ndoa hakuniachia niipue sufuria. Huishika kwa mikono mitupu, akaitua chini taratibu, akasema, "Vidole vyako bado vina hina, Rahila." Nilijitapa bombani mpaka shoga zangu wakachoka. Mmoja akaniuliza, "Huyo mume au koleo?"

Ndiyo maana zile glavu za kitambaa za jikoni ulizotuzawadia, jozi ndogo yangu na jozi kubwa yake, nilizifungia sandukuni. Unakumbuka tulivyocheka siku ya harusi, mwanamume wa Kengeja kuvaa glavu za jikoni.

Shaka iliniingia Ijumaa moja. Nilikuwa nimegeuka nakata vitunguu, pua yangu ikapata harufu ya nyama inayoungua, na siku hiyo tulipika mchicha. Nilipogeuka, Haroub kashika sufuria, ananisimulia kisa cha mwenzake kazini, Msellem, huku kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kinaungua.

"Haroub, unaungua."

Akakitazama kidole kwanza. Kisha ndipo akakiondoa. "Ah, nshazowea," akasema.

Shangazi, wewe umeuguza watu miaka thelathini na haya unayajua kuliko mimi, lakini niache nikueleze nilivyofikiri. Kidato cha tatu mwalimu alituchorea seli ya neva, nami niliiona kama pweza: kichwa, mikono mifupi mingi inayopokea habari, na mkono mmoja mrefu unaoipeleka mbele, umevikwa ganda kama waya wa umeme. Seli moja humpa habari mwenzake, naye mwenzake, mpaka kwenye uti wa mgongo. Kidole kikigusa moto, amri hurudi kutoka huko huko na mkono huruka kabla ubongo haujajua. Basi mtu huzoeaje moto? Mkono hauingoji subira ya mwenyewe. Wa Haroub uliingoja. Ulingoja mpaka macho yakauambia.

Nikamuuliza mama mkwe, Bi Asya. "Mwanangu mvumilivu tangu mdogo," akasema, na akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Nikamuuliza Haroub tena. Akasema ni mafuta ya karafuu, yanatia ganzi. Nikachukua chupa yake nikajipaka mdomoni na kidoleni. Mdomo ulikufa ganzi kweli, lakini kabla wali haujaiva ulikuwa umeamka, na kidole hakikulala hata kidogo. Nikamvizia Msellem. "Na nyinyi mikono yenu ina ganzi?" Akacheka. "Ganzi? Jana nimegusa bomba la mvuke, nimeruka mimi, kofia ikabaki."

Tangu hapo nikawa nawatazama wote kwa jicho la pembeni. Nikaona Bi Asya hampi mwanawe kikombe cha chai mkononi, humwekea mkekani. Nikaona Haroub hafungi kifungo bila kukikodolea macho. Na lile baka lake lililopauka juu ya kiwiko, nililodhani ni mba nikawa nalipaka liwa ya msandali kwa mapenzi, nikaona hupenda kulificha.

Jumapili baada ya adhuhuri nilimfunga macho kwa kanga, nikamwambia ni mchezo wa maharusi. Nilikuwa na unyoya wa kuku. "Nikikugusa, sema hapo."

Shavuni. "Hapo." Shingoni. "Hapo, na usinitekenye." Kidole cha mwisho cha kushoto. Kimya. Nikarudia. Kimya. Kisha nikauondoa unyoya kabisa, nikauweka mapajani mwangu.

"Hapo," akasema.

Asiyejua kwamba mkono wake hausikii angenyamaza, Shangazi. Anayebahatisha anajua kuna kitu alipaswa kukisikia.

Nilimfungua kanga. "Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Mama anajua?"

Akaikunja kanga pembe kwa pembe bila kunitazama, nami nikawa nimejibiwa.

Jumanne tulikwenda hospitali. Daktari alipapasa nyuma ya kiwiko chake akaikuta neva imevimba kama kamba. Ni ukoma, ungali mwanzoni. Amepewa vidonge vya mwaka mzima, bure. Mimi nimekaguliwa sina kitu, nikapewa kidonge cha kinga. Neva zilizobaki zitanusurika, lakini ya kile kidole huenda isirudi. Bi Asya alilia. Alisema aliogopa jina la ugonjwa litavunja posa.

Sasa jicho langu limekufikia wewe. Siku ya posa Haroub alikuletea birika la chai kwa mkono mtupu, nawe ulimtazama vidole, hukumtazama uso. Miezi miwili baadaye ukaja na glavu za kiume. Muuguzi wa miaka thelathini hanunui glavu kwa mzaha. Kama ulishuku, kwa nini uliniletea kitambaa badala ya neno? Huenda kile kidole kingekuwa bado chake. Niandikie kweli. Ikiniuma, nitashukuru kwamba yaniuma.

Glavu nimezitoa sandukuni. Anazivaa, na wakimcheka huwaambia, "Mke wangu kanitia hina ya kitambaa." Kila jioni namkagua vidole kimoja kimoja kama kuna kidonda. Yeye hufumba macho, anasema ni mapenzi. Hakosei.

Nisalimie Ami Othman na Nadhira na wanawe. Bi Asya anakusalimu, kwa sauti ndogo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, na aibariki mikono yako iliyouguza wengi.

Mwanao akupendaye, anayengoja jibu lako,

Rahila