Mitihani Miwili, Rogathe Mmoja

Kambini, 14 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo Baba. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini u mzima na kifua kimetulia, maana baridi ya Miamba mwezi huu haina huruma. Mimi sijambo, ila nimekuwa mweusi na miguu imeota sugu. Ungeniona ungecheka. Simu zetu zimewekwa ofisini mpaka tumalize mafunzo, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Barua nimempa dereva wa kambi anayekwenda Same. Ataikabidhi kwa Iddi, konda wa basi letu la kupanda huko.

Baba, kuna jambo. Juzi walitusomea majina ya waliopendekezwa kufanya mtihani wa kuingilia uofisa jeshini, na langu lilikuwemo. Mitihani yenyewe ni miwili, inafanyika asubuhi moja, tarehe 16 Agosti. Mmoja ni wa wanaotaka kusomea udaktari wa jeshi. Mwingine ni wa watakaoongoza askari. Ukiingia chumba hiki, kile umekiacha.

Naomba neno lako. Unajua sijawahi kufanya jambo kubwa bila wewe.

Msalimie mama mdogo Raheli.

Mwanao,
Rogathe

*

Miamba, 23 Julai 2024

Mwanangu Rogathe,

Marahaba, marahaba sana. Huku hatujambo. Kifua kinasumbua asubuhi tu, nikishakunywa tangawizi ya moto kinaniheshimu. Vipi wewe, wanakupa chakula cha kushiba? Usinidanganye kwa sababu hunioni.

Barua yako Iddi aliileta huku anapiga honi mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna msiba. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Jumapili nikabeba kikapu cha tangawizi kanisani, na ulipofika mnada wa sadaka nikaomba niseme maneno mawili. Nikasema hii ni shukrani, binti yangu anakwenda kuwa daktari wa jeshi. Vigelegele nilivyopigiwa! Mama yako mdogo alishindana bei na mchungaji mwenyewe mpaka akakichukua kikapu.

Najua mtihani bado hujaufanya. Usinicheke. Lakini kuna la kuchagua hapo? Ulikuwa na miaka tisa siku tulipomteremsha mama yako kwa machela, ukatufuata nyuma umeshika kanga yake. Hatukufika naye hospitali, bondeni. Tangu hapo kila nikimwona mtu mwenye koti jeupe nasema moyoni, laiti tungekuwa na mmoja wetu. Na wewe tangu hapo umekuwa mtoto wa kunong'ona, hata mbuzi hawakusikii ukiwaita. Mpole kama wewe atamwamrisha nani? Shika dawa zako, mama, uponye watu.

Baba yako,
Sifael

*

Kambini, 4 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru u mzima. Chakula kipo, maharage yamejaa, ninachokosa ni makande yako tu, hata yale yaliyoungua.

Baba, hili nimeliandika na kulichana mara tatu. Habari ya kikapu imenichekesha, halafu nikaenda kulia bafuni. Ninachokitaka siyo udaktari. Ninataka ule mtihani mwingine.

Nikueleze kilichotokea. Wiki jana tulipelekwa kusafisha shamba la kambi kwa kuchoma mabua. Upepo ukageuka ghafla, moto ukaturudia. Wenzangu wakakimbilia kwenye nyasi kavu, huko huko moto unakoelekea. Nikasikia mtu anapiga ukelele, "Kombania, simama! Nyuma geuka!" Wote wakasimama, wakageuka, hata koplo aligeuka. Nikawapitisha kwenye ardhi iliyokwisha kuungua, tukatoka salama. Ndipo nikatambua kwamba aliyepiga ukelele ni mimi.

Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii. Ila sitaki kuirudisha ilikokuwa.

Hata hivyo mama alikuwa mke wako kabla hajawa mama yangu, na kanisa zima limeshakusikia. Sitaki kukuaibisha. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana. Ukisema hapana nitaingia chumba cha udaktari, na Mungu ananiona, sitanung'unika. Dereva anarudi kutoka Same tarehe 14. Nitamsubiri getini.

Mwanao anayekupenda,
Rogathe

*

Kambini, 16 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Unaumwa? Dereva alikuja juzi akasema Iddi hakumpa kitu. Jana nikaenda tena getini, labda kuna mtu mwingine amepewa. Nikaomba simu kwa afande, akaniruhusu kupiga mara moja. Mama mdogo akapokea, akasema u mzima, uko shambani, barua yangu uliipata. Basi nikajua kwamba umenyamaza, na hilo limeniuma kuliko hapana yoyote.

Leo asubuhi nilisimama kwenye kibaraza katikati ya ile milango miwili. Kuruta mmoja, Hana, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia namsubiri baba yangu. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Kisha wakataka kufunga milango, nikaingia chumba cha uongozi.

Nimefanya. Majibu yatatoka mwezi ujao. Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie. Usiniache hivi.

Rogathe

*

Miamba, 25 Agosti 2024

Mwanangu Rogathe,

Marahaba mwanangu. Sikuumwa wala sikukasirika, na ninaomba unisamehe kwa siku ulizosimama getini.

Iddi alikuwa akishuka kila asubuhi ananiuliza, "Mzee Sifael, barua ya binti iko wapi?" Namwambia kesho. Raheli akanifokea kwamba nina roho ya jiwe. Nilikaa na kalamu, nikashindwa, na sababu ni hii. Neno lililokuwa moyoni mwangu lilikuwa hapana. Nilitafuta ndiyo, sikuipata. Naogopa bunduki, naogopa wakupeleke mbali nife hujafika. Na mimi si mtu wa kukuandikia uongo.

Lakini ninakujua. Hapana yangu ungeitii. Ungeingia chumba kile, ungefaulu, ungerudi hapa na koti jeupe unanong'ona, na mimi kanisani ningejisifu. Ningepata daktari, mwanangu, nikakukosa wewe. Nikaona nikifungua mdomo nitakuwa nimekuamulia. Nikaufunga. Nilifanya kazi shambani kama mwendawazimu ili mkono usishike kalamu.

Leo baada ya ibada nilisimama nikawaambia nilitangulia kusema nisilolijua, kwamba binti yangu amechagua mwenyewe kuongoza askari. Walicheka, kisha wakaniombea. Raheli amesema kikapu hakirudishi.

Bado naogopa. Sitakuficha. Usiku uliopita nilimwambia mama yako hivyo hivyo, naongea naye bado, usimwambie mtu. Nikamwambia mtoto wetu alisimama mlangoni peke yake na akaingia.

Majibu yakija mazuri au mabaya, wewe ni wangu. Ila kuanzia leo usiniulize ruhusa tena. Niulize hali tu.

Hali yenyewe ni kwamba magoti yananiuma, mahindi yamekauka vizuri, na nimekukumbuka sana.

Baba yako,
Sifael