Bata wa Mbao wa Septemba

Bayou Mouton, Louisiana
24 Agosti 1986

Binti yangu Zélie,

Hamjambo huko Houston? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua.

Gunia alilochukua Brent limerudi kwa basi. Nilipolifungua nilidhani mumeo kaniletea mapambo ya Krismasi. Bata wangu wote wa mbao wa kuvutia bata mwitu kawapaka upya, vichwa kijani, vifua vinang'aa! Mwambie Brent hivi: Septemba bata dume hana urembo. Manyoya yamempukutika, kavaa kahawia kama mkewe mpaka baridi ianze. Bata gani mwenye akili atatua kwenye kundi lililovaa nguo za Desemba? Watapita juu wakinicheka.

Lakini siyo hilo linaloniuma. Rangi ya zamani aliipaka mama yako, kila kiangazi, pale barazani. Yeye katutoka, mkono wake ulikuwa umebaki. Brent kaukwangua kwa msasa.

Asikanyage kwangu tena.

Baba yako, Ovide

Houston
30 Agosti

Shikamoo baba,

Pole na magoti. Sisi wazima, ila Brent hali chakula vizuri tangu nimsomee barua yako. Alitaka kukufurahisha. Hakujua, na nani angemwambia? Tangu harusi unamwita "yule wa Texas". Tafadhali msamehe.

Mwanao, Zélie

Bayou Mouton
5 Septemba

Zélie,

Salamu nimezipata. Kama hakujua, si angeuliza? Ana mdomo, nimemwona akila.

Mama yako Eulalie alichora unyoya mmoja mmoja hata kiangazi chake cha mwisho, mgonjwa vile. Ulikuwa naye barazani, uliona. Leo unamtetea aliyemfuta! Wewe ungeweza kupaka hata bawa moja kama lake?

Baba yako

Houston
9 Septemba

Baba,

Leo sikuamkii, nina hasira.

Kiangazi kile mama hakuweza kushika kijiko. Kile kilichotangulia pia. Ulirudi jioni ukakuta bata wamekauka, ukamsifu, ukaenda kusafisha bunduki. Niliwapaka mimi, wote. Mama alikaa pembeni akinielekeza, akanikataza kusema: "Baba yako akijua, hataenda tena kuwinda."

Mkono unaoulilia ndio huu unaokuandikia. Na umeufukuza pamoja na mume wangu. Kama hunitaki, sema.

Zélie

Bayou Mouton
13 Septemba

Zélie mwanangu,

Hujambo? Mumeo je?

Barua yako imenizuia kula. Nina hasira na mama yako, na sina pa kuipeleka. Nina hasira na wewe, uliyeniacha nimsifu mwingine mbele yako ukaniangalia tu. Na mimi mwenyewe, bwege mkubwa, nilikagua bata nisimtazame mke wangu mikono.

Msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi ijayo. Njooni Jumatano, rangi ipate kukauka. Brent naye aje, mchuzi wa gumbo utatosha, ila msasa auache huko huko.

Nimeshatoa viti viwili barazani. Sitaenda popote mchana huo. Safari hii nataka kumwona anayepaka.

Baba yako