Tanuri Juu ya Msingi Wangu

Jadida, Wete
Jumatatu, Mfunguo Pili

Kwa dada yangu Khairiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Silima na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipobadilishiwa dawa. Sisi huku kwa rehema zake Mola tunapumua. Mama hajambo, presha yake inapanda na kushuka, lakini dawa anazimeza bila ya kulazimishwa. Nahla wangu yuko kidato cha nne na skuli wanamsifu. Mvua za masika zilikuja vizuri, muhogo umeshika, na ule ukuta wa upande wa barabara ulioanguka mwaka jana umeshajengwa.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimeona niandike kwa sababu ukipiga simu mama huiweka kwenye spika na nyumba nzima ikasikia, na mimi nikikutumia ujumbe wa sauti hunijibu kuwa utanisikiliza ukipata nafasi. Bi Zulekha anakuja huko Maskati kwa mwanawe, nami nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, dada. Ukishamaliza, msomee umtakaye.

Nataka nikueleze habari ya tanuri tangu mwanzo, kwani naamini uliyoyasikia yametoka kinywa kimoja.

Mdogo wetu Hafiz aliporudi kutoka Unguja, baada ya hoteli aliyokuwa akifanya kazi kupunguza watu, alikaa barazani muda mrefu bila ya kusema na mtu. Mama akaingiwa na hofu juu yake. Halafu siku moja akaja jikoni uso umemchangamka, akasema amepata la kufanya: atajenga tanuri la kuchomea piza, la matofali, lenye kuba, linalowashwa kwa kuni, kama lile alilokuwa akilihudumia huko hotelini. Mama akamuuliza piza ndiyo kitu gani. Akamwambia ni mkate uliowekwa vitu juu yake. Mama akacheka, akasema basi hata sisi tunao, ila hatukujua kuupa jina. Hafiz akatueleza kuwa wageni wanaokuja Pemba wanakitafuta chakula hicho na hawakioni, kwamba vijana wetu wenyewe wanakipenda, na kwamba harusini watu watakiagiza. Sikuona ubaya wowote. Nilifurahi kumwona ananyanyuka.

Ubaya ulianza kwenye mahali. Alipataka pale nyuma ya jiko, karibu na kisima. Unapajua vizuri. Ndipo mama aliponionyesha kwa kidole chake, nilipoachwa nikarudi nyumbani na Nahla, akaniambia nijenge chumba changu nikae na mwanangu, kwani tusingeweza kulala watu watatu kitanda kimoja maisha yetu yote. Fundi Ngwali alikuwa ameshanichimbia msingi na kuupanga mawe. Matofali yangu ya saruji, niliyoyanunua kidogo kidogo kwa kuuza mikate ya mofa, yalikuwa yamepangwa ukutani chini ya turubali. Kilichobaki kilikuwa kuanza kunyanyua kuta.

Hafiz alinijia kwa maneno laini. Aliniambia pale ndipo pekee ambapo moshi hautawaingilia majirani, na kwamba msingi ulikuwa umeshakaa, tanuri halitatitia. Aliniomba nimwazime, pamoja na matofali ya kujengea kitako, kisha yeye mwenyewe angenijengea chumba upande wa pili wa jiko, kazi ikishachanganya. Nikamwendea mama. Mama akaniambia huyu ni mdogo wako, hukumuona alivyokuwa barazani? Jioni ile ile ukapiga simu wewe, ukataka kusema na mimi. Ukaniambia nimshike mkono Hafiz, kwani akisimama yeye tumesimama sote. Nikakubali. Sitaki kusingizia mtu, dada. Hakuna aliyenilazimisha, nilikubali kwa ulimi wangu.

Tukajenga. Fundi Ngwali alisimamisha kitako kwa matofali yangu, akakijaza kifusi, akatandaza juu yake sakafu ya matofali ya kuchoma yaliyokuja kwa boti kutoka Tanga. Juu ya sakafu tukarundika mchanga mbichi, tukaupapasa mpaka ukawa duara kama tumbo la mja mzito, tukaufunika magazeti. Kisha matofali ya kuchoma yakapangwa kuuzunguka ule mchanga, safu juu ya safu, yakishikwa kwa udongo wa kufinyangia. Udongo tuliukanyaga mimi na Nahla, khanga tumezikunja magotini, na mama amekaa kwenye kizingiti cha jiko anatuambia wapi bado pana mabonge. Udongo ulipokauka, Hafiz aliingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri akaanza kuutoa mchanga, kidogo kidogo. Mchanga ukaisha. Kuba likabaki limejishika lenyewe. Hafiz akanikumbatia, na mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni.

Nikwambie ukweli, siku hizo nilikuwa na furaha. Tangu kuachwa sikuwahi kucheka namna ile. Nilisahau kabisa kwamba chini ya lile tanuri palikuwa na mawe ya chumba changu.

Tulilikausha kwa moto mdogo wa makumbi ya nazi, kila siku tukiongeza kidogo, mpaka unyevu ukatoka wote. Piza za mwanzo Hafiz alizikanda mwenyewe zikatoka ngumu, zimeungua chini na mbichi juu. Akaniomba nijaribu mimi. Nilikanda unga kwa mkono ninaoujua, nikauacha uumuke, na mikate ikatoka kingo zake zimefura, ina harufu ya moshi. Mama alikula kwa chai, akaomba kipande kingine.

Ramadhani ilipoingia watu wakaanza kuagiza. Kila ikitoka swala ya adhuhuri mimi nilikuwa kwenye sinia la unga hadi karibu na magharibi, na Hafiz akipakia kwenye pikipiki na kupeleka. Biashara yangu ya mofa ikafa. Muda sikuwa nao, na mofa lenyewe, lile tanuri langu dogo la udongo, lilivunjwa kupisha rundo la kuni. Nikasema haidhuru, ni msimu. Sikukuu ya Idi walikuja watu wengi uani kwetu, wakakaa kwenye majamvi, wakala, wakamsifu Hafiz kwa akili yake na fundi Ngwali kwa mkono wake. Mgeni mmoja alinielekezea mimi kidole, akauliza huyu mama ni nani. Hafiz akamjibu kuwa ni dada yake, huwa anamsaidia. Nilisikia, nikaendelea kukata vitunguu.

Wiki iliyofuata fundi Ngwali alikuja na nguzo za mikoko, akaanza kuchimba mashimo upande wa pili wa jiko. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikadhani ndiyo chumba changu kinaanza, nikataka hata kumshukuru Hafiz. Fundi akanisalimia, akaniangalia, akaweka chini mtaimbo wake. Akamuuliza Hafiz kama mimi nimekubali, kwani aliambiwa ajenge banda la kukalia wateja, na yeye alikuwa anajua kwamba mahali hapo niliahidiwa mimi.

Hafiz hakupunguza hata sauti. Alisema, "Kiwanja hiki nimepewa na dada Khairiya na mama. Asya ataolewa tena, chumba cha nini?"

Nikamuuliza maneno hayo ni ya nani. Akasema ni yako, uliyasema mwenyewe, simu iko kwenye spika na mama yupo, hata kabla yeye hajanijia kuniomba. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa mlangoni pa jiko anachagua mchele. Hakunyanyua uso. Nilipomwendea na kumuuliza mara ya pili, alinijibu, "Hatukutaka kukuumiza." Kisha akaendelea kuchagua mchele.

Kwa hivyo, dada, siku uliponipigia ukaniambia nimshike mkono mdogo wetu, ulikuwa umeshampa. Uliniomba niazime kitu ambacho mlikuwa mmeshakitoa. Nimelifikiri hili kwa kila upande nikitafuta pa kukutetea. Nilisema labda hukufahamu vizuri, maana uko mbali. Lakini uliuona msingi ule. Nahla alikutumia picha yake, nawe ukaniandikia hongera. Nilisema labda umenitakia mema, umetaka niolewe. Basi niolewe na nani? Aliyekuja kuniposa ni Mzee Jecha wa Makangale, akataka mke wa kumwangalia mama yake mgonjwa, na akaweka sharti Nahla abaki nyuma. Nilimkataa, na wewe mwenyewe uliniambia nimefanya vyema. Nina miaka arobaini na mbili. Mliponigawia mume asiyekuwepo, mlinipokonya ukuta uliokuwa karibu kunyanyuka.

Ningeweza kuyasamehe ya Hafiz, kwani alikuwa anazama na anayezama hachagui anachokishika. Ya mama pia nayafahamu. Mwanamume ni mmoja tu nyumbani na ndiye atakayemzika. Wewe huzami, dada. Una nyumba yako na milango yako. Ulichokitoa hakikukugharimu chochote, na ndicho nilichokuwa nacho peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae nikuandikie.

Nimekwenda kwa kadhi. Nimeomba mirathi ya baba igawiwe. Tangu baba afariki tulikubaliana sote kuwa nyumba na kiwanja visiguswe maadamu mama yu hai, na mimi ndiye niliyelivunja neno hilo. Ombi limepokewa. Wito utamfikia Hafiz wiki hii, na wako utapitia kwake. Hajui bado. Nimetaka wewe ulijue kutoka kwangu, usije ukasema kuwa na mimi nilikuzunguka.

Hesabu naijua, hakuna haja ya kunisomesha. Mama ana thumuni yake, Hafiz atapata mara mbili yangu, na wewe utapata sawa na mimi. Inawezekana tanuri likaangukia kwake pamoja na mawe yangu yaliyo chini yake. Inawezekana sehemu yangu ikawa upana wa jamvi moja. Pia inawezekana kadhi akaona nyumba haigawiki, ikabidi iuzwe, na sote tukatoka. Hayo yote nimeyafikiri, na ombi sikulirudisha.

Mama nilimwambia mwenyewe, kwani sikutaka alisikie kwa mjumbe wa mahakama. Akaniambia, "Nisubiri nife kwanza, mwanangu."

Nikamwambia, "Mama, Nahla anakua."

Akajifunika khanga yake uso mzima, na mimi nikatoka nje. Tangu siku hiyo hali chakula cha mkono wangu. Anapika chungu chake kidogo peke yake, kwa jiko la mkaa, na akimaliza anakiosha mwenyewe. Nikimpokonya nimwoshee, ananiachia na kuondoka. Tunalala kitanda kimoja bado, Nahla katikati yetu.

Unga nimeacha kukanda. Ningependa nikuandikie kwamba Hafiz amekwama bila ya mimi, lakini hakukwama. Amempata msichana wa Madungu aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la mikate, na piza zinatoka nzuri kama zangu. Mimi nimeanza tena mofa kwa jirani, aliyeniazima kipembe cha uwa wake.

Nakuomba mambo mawili tu. Usimpigie mama ukamliza, presha yake haitaki. Na usinitumie watu wa kuja kunisemesha juu ya aibu ya kumpeleka mama mahakamani. Wameshaanza kuja bila ya kutumwa, na kila mmoja akiondoka hupitia kwenye tanuri akanunua chake. Ukitaka kusema lako, liseme mbele ya kadhi, au mpe wakala wako alisemee pale mbele ya sote. Nikinyimwa safari hii, nataka ninyimwe nikiwepo.

Msalimie sana shemegi Silima, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina lake. Nahla anakusalimu, ila hajui niliyoyaandika. Hafiz sikumwambia kama nakuandikia. Salamu za mama sina za kukuletea, kwani hatusemezani.

Wassalaam.

Ni mimi nduguyo, wa baba mmoja na mama mmoja,

Asya